Daftari Lilisema Yupo

Idara ya Vibali iliamua kwenda kutazama wanyama hifadhini, na uamuzi wenyewe ulichukua miezi saba. Ikaundwa kamati ya safari, kamati ndogo ya chakula, na kamati ndogo zaidi ya fulana, ambayo ndiyo iliyogombana kuliko zote. Hatimaye fulana zikatoka: rangi ya machungwa, mgongoni zimeandikwa "Pamoja Tunaweza", na nusu yake zinawabana watu matumboni. Hata tembo kipofu angewaona.

Mkuu wa idara, ambaye watumishi walimwita Bwana Mstari akiwa hayupo na Mzee akiwepo, aliibariki safari kwa sharti moja. Kwenda kutembea si kuacha kazi, alisema, na nidhamu itakuwa ileile. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni maneno ya kufungia kikao. Hawakujua. Jumamosi asubuhi na mapema, basi lilipofika mbele ya ofisi, Bwana Mstari alikuwa ameshasimama mlangoni mwake, kofia pana kichwani, darubini shingoni, na kwapani daftari la mahudhurio.

Jamani, daftari la mahudhurio! Lile lile la jalada jeusi linalofungwa kamba pale mapokezi lisije likatoroka. Alilifungua kamba, akalipandisha basi, akalipa kiti cha mbele karibu na dirisha. Wako watumishi wenye miaka ishirini kazini ambao hawakupata dirisha siku ile. Daftari lilipata.

Inafaa kulieleza daftari hilo, maana ndilo lililokuwa likiongoza ile idara. Kila siku ya kazi, saa mbili kamili asubuhi, Bwana Mstari alitoka chumbani kwake na rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya saini ya mwisho. Aliyesaini juu ya mstari alikuwa mtumishi. Aliyesaini chini yake alikuwa mtuhumiwa. Barua tatu za onyo, ufungashe virago. Kama mtumishi aliyewahi alifanya kazi yoyote kuanzia saa mbili hadi saa tisa na nusu, hilo daftari halikuwa na safu yake.

Karani wa masijala, mwanamke aliyekaribia miaka hamsini na sita na aliyejua kila faili lilipolala, aliitwa Bi Faili na watu wote hata mumewe. Huyu katika maisha yake hakuwahi kuchelewa kazini. Lakini meza iliyotazamana na yake ilikuwa ya mgonga mihuri, shoga yake wa kufa na kuzikana, na huyo jina lake la ofisini lilikuwa Nipo Njiani. Ndiyo maneno aliyoyatuma kwenye simu ya Bi Faili kila asubuhi, saa mbili kasoro kumi: "Nisainie shoga, nipo njiani."

Hakuwa mvivu. Alikuwa na mama aliyelala kitandani mwaka wa kumi na moja, wa kugeuzwa, kuogeshwa na kulishwa uji kijiko kwa kijiko, na mdogo wake wa kumpokea zamu hakuwahi kufika mapema hata kwa bahati mbaya. Basi Bi Faili akawa anasaini mara mbili: kwanza jina lake, kisha la shoga yake, na Mzee akipita akiuliza, alimjibu, "Yupo, ameshuka chini mara moja." Miaka kumi na moja! Mkono ukazoea hadi saini ya Nipo Njiani ikawa nzuri kuliko ya Bi Faili mwenyewe, yenye mkia uliojikunja kwa madaha. Siku moja Nipo Njiani alijaza fomu ya likizo akaisaini kwa mkono wake, afisa utumishi akamrudishia: saini hii hailingani na iliyo kwenye kumbukumbu. Ikabidi ampelekee Bi Faili amsainie, ndipo ikapita. Walicheka siku hiyo hadi wakalazimika kwenda kunawa uso.

Mwezi uliopita kicheko kilikwisha. Nipo Njiani alikuwa na barua mbili za onyo, za siku ambazo Bi Faili alikuwa likizo. Na Bwana Mstari alikuwa ametangaza kwamba yeyote atakayekamatwa akimsainia mwenzake ataondoka siku hiyo hiyo, hata kama amebakiza wiki moja astaafu. Bi Faili alikuwa amebakiza miaka minne.

Basi, hao wakaingia hifadhini. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni, askari wa langoni akawaambia, na mtu asishuke ila pale mahali pa kupumzikia, na hata pale msitawanyike, maana majani yale yana wenyewe. Bwana Mstari akamshukuru, akasoma ratiba kwa sauti. Saa nne na nusu: simba. Saa tano na robo: tembo. Saa nne na nusu ikafika, simba hayupo. Inaelekea hakuwa amepewa nakala. Wakaona makalio ya swala, ngiri mmoja mwenye haraka zake, na ndege ambaye mhasibu aliapa ni tai na dereva akasema ni kunguru. Zaidi ya hapo watu walijipiga picha wenyewe wakiwa na fulana, mgongo dirishani, wanyama kama wapo wawe nyuma yao huko.

Aliyekuwa akitazama kweli ni Nipo Njiani. Alikuwa amebana uso kwenye kioo tangu langoni.

"Mama ameniagiza twiga," alimwambia Bi Faili. "Amesema nisirudi bila picha ya twiga. Anataka kuona kama kweli anakunywa maji kwa kupiga msamba."

"Na simu yako ina chaji kiduchu."

"Nimeichomeka hapa nyuma. Tukishakula nitaichukua, nikakae mbele na dereva. Hawa wenye fulana wananiziba."

Saa sita na nusu wakafika mahali pa kupumzikia. Palikuwa na meza za saruji, mti mmoja wa kivuli, na mbali kidogo, ukingoni mwa majani, kijumba cha choo chenye mlango wa bati. Palikuwa pia na kibao kilichoandikwa USIWALISHE NYANI, na chini ya kibao nyani wapatao kumi na watano wakisubiri kulishwa. Mhasibu, mtu asiyempitishia mtumishi hata ombi la betri ya saa ya ukutani, aliwatupia mayai matatu ya kuchemsha. Kuanzia hapo chakula kikawa vita. Nyani dume akaondoka na paja la kuku la mwenyekiti wa kamati ndogo ya chakula, na hakusaini popote.

Katika vurugu hiyo Nipo Njiani alimgusa Bi Faili begani. "Naenda chooni mara moja." Akaenda.

Saa saba na nusu kamili Bwana Mstari akatandaza daftari juu ya meza ya saruji. Basi lilikuwa limeshawashwa, linanguruma, muziki umefunguliwa. Akaita majina kwa sauti ya gwaride. Kila aliyeitwa akaja, akasaini, akapanda. Likaitwa jina la Nipo Njiani. Kimya. Likaitwa mara ya pili. Bi Faili akatupa jicho kwenye kijumba cha choo, haoni mtu, na akaiona kalamu nyekundu ikishuka polepole juu ya rula. Barua ya tatu hiyo. Mama wa watu atakula nini?

Mdomo ukatangulia kichwa. "Yupo, Mzee! Yupo!" Na mkono, mkono ule uliozoea, ukachukua kalamu ukasaini, na mkia ukajikunja kwa madaha.

Nafsi yake ilimwambia ni dakika moja tu, huyo anakuja. Akashikwa na mhasibu abebe masufuria, akashikwa na mwenyekiti amsikilize habari za kuku. Alipopanda alikuta mkoba wa shoga yake kitini na simu kwenye chaji, na kule mbele, kwenye kiti cha utingo kando ya dereva, akaona bega la fulana ya machungwa. Ah, ameshakwenda kwa twiga wake. Roho ikatulia. Tenda wema nenda zako, walisema wahenga. Bi Faili alitenda wema, basi likaenda zake.

Nusu saa hivi baadaye walikuwa wamesimama kwenye kidimbwi cha viboko, ambao walionekana masikio tu, Bwana Mstari akiyahesabu, wakati kengele ilipolia kwenye simu ya Nipo Njiani. Kengele yenyewe ilikuwa kali ya kuamsha maiti. Watu wakapiga kelele izimwe, viboko wanazama. Bi Faili akaishika simu. Kwenye kioo pameandikwa: DAWA YA MAMA, SAA NANE.

Akaibeba hadi mbele. "Shoga, kengele yako hii..."

Kwenye kiti cha utingo palikuwa na maboksi ya maji mawili, yamepandana, na juu yake imetandikwa fulana ya ziada. "Pamoja Tunaweza", ilisema.

Akamgeukia Bwana Mstari. "Mzee," akasema. "Tumemwacha mtu. Mgonga mihuri hayupo."

Bwana Mstari hakuacha darubini. "Haiwezekani. Amesaini."

"Hayupo humu, Mzee. Tumemwacha kule chooni."

Hapo akageuka, akalifungua daftari, akapitisha kidole kwenye mistari. "Huyu hapa. Saa saba na nusu, amesaini. Saini yake naijua, nimeiona miaka na miaka. Mtafute vizuri, atakuwa amelala chini ya viti."

Wakamtafuta chini ya viti. Wallahi, watu wazima wenye shahada, wakapiga magoti kumtafuta mwanamke mwenye kilo themanini chini ya viti, kwa kuwa daftari lilisema yupo. Bwana Mstari akawahesabu, akapata ishirini na watano. Akahesabu saini, ishirini na sita. Akawahesabu watu tena.

"Kuna mtu hakai sawasawa," akasema. "Mnanivuruga hesabu. Kaeni!"

Bi Faili alisimama katikati ya basi na ile simu mkononi. Akaiona barua yake ya kufukuzwa kama ilivyo, hadi nambari ya kumbukumbu, maana yeye ndiye angeifungulia jalada. Miaka minne, kiinua mgongo, mume mwenye mgongo mbovu. Na akauona mlango ule wa bati ukingoni mwa majani yenye wenyewe. Hakuna mtu mwingine katika dunia hii aliyejua kwamba saini ile ni ya uongo. Angenyamaza, hawa wangeendelea kuhesabiana hadi lango lifungwe.

"Hajasaini yeye," akasema. "Nimemsainia mimi."

Kidole cha Bwana Mstari kikaganda kwenye daftari. "Unasemaje?"

"Nimemsainia mimi, Mzee. Leo nimemsainia, jana nilimsainia, na juzi. Hiyo unayosema unaijua ni yangu. Miaka kumi na moja. Nifukuze utakavyo, lakini kwanza geuza gari!"

Bi Faili akawatazama mmoja mmoja, mhasibu, mwenyekiti, afisa utumishi, na kila aliyemtazama akageukia dirishani. Ikawa ndiyo mara ya kwanza siku ile kwa Idara ya Vibali kutazama nje kwa makini. Hakuna aliyetaka kuulizwa swali la nyongeza.

"Hili ni kosa kubwa," alisema Bwana Mstari, akitafuta kalamu. "Kubwa mno. Kabla hatujaondoka hapa utaandika maelezo yako kwa maandishi, nakala mbili..."

Gari likaruka mbele, naye akakaa kitini bila kupenda. Dereva, mtu wa kukodiwa asiyejua rula wala mstari, alikuwa ameshakata usukani. "Mzee, mimi nimekuja na abiria," alisema. "Maelezo mtaandikiana mkifika."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Njia nzima ya kurudi watu walinong'ona kuhusu Bi Faili, amewezaje, miaka yote hiyo, na sura yake ile ya upole. Yeye hakuwasikia. Alikuwa anamwomba Mungu kwa maneno mafupi, akiibana simu kifuani kana kwamba kwa kuibana atamfikia mwenyewe.

Kwenye kona, dereva akafunga breki. Simba watatu walikuwa wamelala katikati ya barabara, saa nane na ushee, nje kabisa ya ratiba. Mmoja akainua kichwa akapiga mwayo. Walikuwa wameshiba, matumbo yamewatuna, mmoja midomo yake bado ina wekundu. Hakuna aliyetoa simu kupiga picha. Hakuna aliyepumua. Bi Faili aliyatazama matumbo yale na machozi yakaanza kumtoka mbele za watu, yeye ambaye hata msibani hulia kwa mpangilio. Dereva akawazunguka taratibu kwenye majani, akakanyaga mafuta.

Mahali pa kupumzikia palikuwa kimya. Meza za saruji zimejaa maganda ya mayai. Nyani wote wamehamia kwenye kijumba cha choo: wawili juu ya paa, wengine wamekaa mlangoni, na lile dume la kuku limeegemea mlango wa bati kama mlinzi wa benki. Dereva akabonyeza honi akaishikilia. Nyani wakaondoka bila haraka, wakitazama nyuma kwa dharau.

Bi Faili akashuka kabla gari halijasimama, wala usimwulize alipita wapi. "Shoga! Shoga wangu, upo?"

Sauti ikatoka ndani, kavu, "Nikuambie nini?"

Mlango ukafunguka. Nipo Njiani alitoka fulana imemganda mwilini kwa jasho, viatu mkononi, uso umemsawijika. Bi Faili akamkumbatia. Mwenzake akaacha akumbatiwe, mikono yake imening'inia.

Bwana Mstari naye akashuka, daftari kwapani, maana kuna watu wasiojifunza hata wakifundishwa na nyani. "Pole sana," akaanza. "Pole. Lakini utaratibu ni utaratibu. Jumatatu ninyi wawili mtapokea barua. Saini ya kughushi ndiyo iliyotufikisha hapa."

Nipo Njiani akanyoosha mkono. "Naomba nilione."

Pengine ni mshangao, lakini Mzee akampa. Akafungua ukurasa, akaitazama saini yake yenye madaha, kisha akashuka hadi chini kabisa, palipopigwa mstari mwekundu na kugongwa muhuri. Akasoma kwa sauti, ili na walioko dirishani wasikie: "Nimehesabu na kuhakiki. Wote wapo ndani ya basi." Akainua macho. "Na hii ni saini ya nani, Mzee?"

Watu dirishani wakakohoa. Bwana Mstari alikuwa hajahesabu mtu. Alihesabu saini, kama siku zote. Bi Faili alimsainia mtu mmoja. Mzee aliwasainia wote, na muhuri juu.

Akalichukua daftari lake akalifunga. "Tupandeni," akasema. Habari za barua hazikutajwa tena, siku ile wala siku nyingine.

Ndani ya basi wakakaa pamoja kiti cha nyuma. Bi Faili akamrudishia simu, akampa maji, akamfuta shingo kwa kitambaa. Maneno yakamtoka mengi, kwamba alidhani ni dakika moja, kwamba aliona fulana pale mbele, kwamba anamshukuru Mungu.

"Hukutusikia tukiondoka?" akauliza mwisho. "Kwa nini hukupiga kelele?"

"Nilipiga," alisema Nipo Njiani. "Lile dume liliegemea mlango, nikashindwa kuusukuma. Nikasikia Mzee anaita jina langu. Nikapiga kelele, nipo! nipo huku! Muziki ukanizidi. Akaita tena, nikajaza pumzi nipige kelele ya mwisho." Akanywa maji. "Ndipo nikakusikia wewe umesema yupo."

Bi Faili akakikunja kile kitambaa.

"Nikanyamaza. Ningeendelea kumpigia nani kelele? Nilishaitikiwa. Nilikaa mle ndani nikijua hakuna atakayenitafuta, kwa sababu nipo." Akageukia dirishani. "Na wala sikukulaumu. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Hadi wanatoka langoni hawakuwa wamemwona twiga hata mmoja.

Jumatatu, saa mbili kasoro kumi, Bi Faili alikuwa mapokezi ameshika kalamu. Simu yake haikulia. Akasaini jina lake. Mkono ukashuka wenyewe kwenye mstari wa pili, ukasimama hapo, kama wa mtu aliyeacha sigara. Akaiweka kalamu chini. Saa mbili kamili Bwana Mstari akatoka na rula, asimtazame mtu, akapiga mstari wake.

Saa mbili na dakika ishirini na mbili Nipo Njiani akaingia, mikono bado inanukia sabuni ya kumwogeshea mama. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye daftari akasaini chini ya wekundu. Saini ilitoka imepinda, herufi zinagongana, haina mkia wowote.

Mzee akaiinamia, akakunja uso. "Hii hailingani na zilizotangulia."

"Ndiyo yangu hiyo," alisema Nipo Njiani. "Zoea taratibu, Mzee. Ndiyo kwanza nimefika."